Inchi Mbili Kati ya Bodi na Chesisi

Ukishuka kutoka Kaloleni kuelekea Mwanamwinga, minazi hupungua kidogo kidogo hadi ikakoma, na njia ikaingia katika nchi ya miiba. Masika yakishanyesha, malori huchimba mifereji miwili kwa tairi zao na kuacha tuta katikati. Jua likirudi, tuta lile hukauka likashika ugumu wake, na hubaki hapo hadi mvua nyingine. Lori hulipita bila habari. Gari dogo hulipita likikwaruza tumbo, na siku mbaya hulikalia kabisa, tairi zikizunguka bila kushika ardhi. Anayefuata mbuzi mnadani Bamba analijua tuta hilo, na anayepeleka chanjo vijiji vya Kayafungo analijua pia.

Wenye Suzuki Sierra wa upande huu wana mahali pa kulipeleka tatizo lao: gereji iliyo nje kidogo ya mji wa Kaloleni, paa lake nusu makuti nusu mabati, chini ya mwembe mkubwa. Fundi wake ni mtu mzima aliyejifunzia kazi kwenye malori ya Mariakani, na kila mtu humwita Mzee. Nitamwita hivyo hivyo. Kazi niliyokwenda kuitazama kwake ni ya kuinua bodi, na nimeona niieleze kama alivyoifanya, hatua kwa hatua, kwa sababu ni kazi ambayo wengi huiona imekwisha kabla haijaanza.

Gari lenyewe linastahili maneno machache. Suzuki ilianza kuuza gari lake dogo la porini mwaka 1970, likiitwa LJ10, injini yake ikiwa chini ya cc 360. Mwaka 1981 likaja umbo la SJ, lile la pembe pembe ambalo huku kwetu tunaliita Sierra, na mwaka 1984 likapewa injini ya cc 1324. Hilo la 1.3 ndilo lililokuwa chini ya mwembe. Uzito wake haufiki tani moja. Limeundwa kwa namna ya malori: chini kuna chesisi, mihimili miwili ya chuma iliyounganishwa kwa mihimili ya kukingama, na hapo ndipo palipofungwa injini, giaboksi, springi na ekseli zenye difu. Bodi ni kitu kingine kabisa. Imekaa juu ya chesisi, ikashikwa kwa boliti, na kila penye boliti pana raba inayozuia chuma kisigonge chuma. Kuinua bodi ni kuingiza spesa kati ya raba ile na bodi, na kufunga boliti ndefu zaidi mahali pa zile fupi.

Mwenye gari, mnunuzi wa mbuzi mwenye umri wa mwanawe Mzee, alifika akijua anachotaka.

"Mzee, nataka lipande inchi tatu. Difu inanilaza njiani."

"Spesa haziinui difu, mwanangu. Difu inainuliwa na tairi. Spesa zinaipa tairi nafasi."

Kisha akachukua kijiti akamchorea mchangani. Tairi ya asili ya gari hili, yenye namba 205/70R15, ina kimo cha karibu sentimita 67. Tairi ya 235/75R15 ina sentimita 73 na ushei. Ekseli imekaa katikati ya gurudumu, kwa hiyo inafaidi nusu tu ya tofauti hiyo: sentimita tatu na kitu. Hiyo ndiyo faida ya difu, wala hakuna spesa itakayoiongeza. Ila tairi ya kimo hicho, bodi ikiwa mahali pake pa zamani, itasugua madigadi kila usukani ukikatwa na kila gurudumu likiingia shimoni. Bodi ikipanda inchi mbili, tairi inaingia na kupumua.

Inchi tatu alizikataa. Sierra ni gari jembamba na fupi, na kimo chake kimewahi kuzua ugomvi mkubwa: mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani lilitangaza kwamba gari hili, lililouzwa huko kwa jina la Samurai, halikubaliki kwa sababu lilielekea kupinduka kwenye majaribio ya kukata kona ghafla. Suzuki ikapinga, ikafungua kesi mwaka 1996, na pande mbili zikapatana mwaka 2004. Mzee hakuhitaji kesi hiyo. Alimwonyesha mteja upana wa kutoka tairi hadi tairi, kisha kimo cha paa, akanyamaza. Inchi mbili zina unafuu mmoja: injini, giaboksi na ekseli, vyuma vizito vya gari, havipandi pamoja na bodi. Hubaki chini palepale. Ya tatu ingeleta hatari bila kuleta faida, kwa sababu tairi ya 73 imeshatosha kwenye mbili.

Walipokubaliana, Mzee hakugusa spana. Alilala chali chini ya gari juu ya kipande cha katoni, tochi mkononi, na akakaa huko muda mrefu. Alikuwa akitafuta kila kitu ambacho upande mmoja kimeshikwa na bodi na upande wa pili kimeshikwa na chesisi au injini. Kila alipokigusa kimoja, alikitaja kwa sauti, na kijana wake akakiandika kwa chaki kwenye ubao uliokuwa umeegemezwa ukutani. Shafti ya usukani. Mirija ya breki. Kebo ya klachi. Kebo ya akselereta. Kebo ya handbreki. Mipira ya maji ya rejeta na ya hita. Mpira wa petroli. Waya za taa na za stata. Waya wa ethi. Fimbo mbili za gia. Mgema wa Kaloleni hukagua kila kidato kilichochongwa kwenye shina kabla hajaupanda mnazi. Mzee aliukagua ubao ule vivyo hivyo, akarudi chini ya gari na kuanza upya kutoka nyuma kwenda mbele, asije akawa amekisahau kimoja.

Hapo ndipo nilipoielewa kazi yenyewe. Kupandisha bodi ya gari kwa jeki, kijana yeyote mwenye mikono miwili ataweza. Lakini bodi ikipanda inchi mbili, kila kilichoandikwa kwenye ubao kitadai inchi mbili zake. Chenye ulegevu kitazitoa kimya kimya. Kisicho nao kitavutika, kitachanika, au kitavumilia hadi siku ya mteremko. Fundi anayeanza kwa jeki atayajua madai hayo baadaye, njiani. Mzee aliyataka yote mapema, kwa majina, ubaoni.

Boliti zikafuata, na kwa siku kadhaa kazi ikawa ni kuzipaka mafuta tu. Gari hili lilikaa miaka kule Malindi, karibu na bahari, na chumvi ilikuwa imefika kila mahali. Asubuhi na jioni Mzee alichovya burashi ndogo katika mkebe wa dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, akapaka kila boliti kuanzia kichwani hadi pale inapoingia, kisha akagonga kichwa chake kwa nyundo ndogo, mara tatu au nne, polepole. Kugonga kule kudogo hutikisa kutu, na mafuta hupata njia ya kuingia penye uzi wa boliti. Mwenye gari alipopita kuuliza kwa nini hawafungui, alijibiwa kwa hesabu: boliti ikikatikia ndani, sakafu itabidi ikatwe, na kukata sakafu kuna bei yake.

Moto hakuutumia, ingawa mtungi wa gesi ulikuwa hatua chache tu. Tangi la petroli liko chini ya sakafu hiyo hiyo.

Wakati mafuta yanafanya kazi yake, alikwenda Mariakani kwa mkerezaji. Mji huo umekaa kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, penye mizani ya malori na viwanda vya chuma, na ukitaka mashine ya kukereza huhangaiki. Mzee alichagua gogo la nailoni nyeupe, nzito, lenye unene uliozidi raba za bodi kidogo tu. Aliwahi kuona watu wakitumia vipande vya mbao, na wengine vipande vya bomba la maji. Mbao, alisema, hunywa maji na kuvimba, zikikauka hunywea, na boliti iliyokazwa Jumatatu inalegea Ijumaa. Bomba lina ukingo mwembamba, nao huila raba. Nailoni ngumu haiozi, haishiki kutu, na uso wake wote hubeba mzigo.

Mkerezaji alilifunga gogo kwenye mashine, akasogeza kisu taratibu, na utepe mweupe ukaanza kujikunja na kuanguka sakafuni. Kila kipande kilikatwa kikiwa kirefu kidogo kuliko inchi mbili, kisha uso wake ukasawazishwa hadi kikafika kimo. Tundu la katikati lilitobolewa kwa kipimo cha boliti, lipite bila kubana na bila kucheza. Kingo zikavunjwa ukali. Mzee alisimama pembeni na venia yake, akivipima kimoja baada ya kingine, kila kimoja mahali patatu, akikizungusha. Kimoja alikirudisha. Kilikuwa kifupi kwa karibu milimita moja. Mimi nisingeiona tofauti hata nikikiweka karibu na macho, lakini bodi ingeiona: ikishuka milimita moja kwenye kona, inajipinda, na mlango unaanza kugoma kufunga bila mtu kujua sababu. Kikakerezwa kingine.

Boliti mpya zilitoka duka la vyuma, na hapo pia hakukubali ya kwanza aliyopewa. Alizigeuza vichwa juu akitafuta alama ya 8.8. Namba ya kwanza inasema chuma hicho hustahimili mvuto wa megapaskali 800 kabla ya kukatika. Ya pili inasema kitaanza kunyooka kikifikishwa asilimia 80 ya nguvu hiyo. Boliti isiyo na alama huenda ikawa imara, huenda isiwe. Kwa boliti inayobeba bodi yenye watu ndani, Mzee alitaka zile zinazojieleza zenyewe.

Siku ya kuinua, gari lilisukumwa hadi mahali palipo sawa, tairi zikawekewa mawe mbele na nyuma. Betri ikafunguliwa, waya hasi kwanza. Bampa zikatolewa. Mpira wa petroli ukalegezwa kwenye vishikio vyake, kebo zikaachiwa, na kila alichokishughulikia Mzee, kijana alikifuta ubaoni. Kisha zikaanza boliti. Hakuzizungusha moja kwa moja. Aliifungua kila moja kwa kiasi cha kuonja, akairudisha, akaifungua zaidi kidogo, akairudisha tena, na kila safari mafuta ya kahawia yalichuruzika kutoka kwenye uzi, yakibeba unga wa kutu. Ukitazama mkono wake tu, ungesema hafanyi lolote. Ukitazama boliti, ilikuwa inapanda.

Moja ilikataa. Ilikuwa ya nyuma kulia, na haikugoma kwa kukwama. Ilizunguka tu bila kutoka. Nati yake, ambayo kiwandani ilichomelewa ndani ya sakafu, ilikuwa imeng'oka kwa kutu, ikawa inazunguka pamoja na boliti. Hapa wengi hukata boliti kwa grainda na kusonga mbele, wakiiacha bodi na mshiko mmoja pungufu. Mzee aliinua zulia la nyuma, akapima kutoka chini, akapima kutoka juu, akachora alama kwa msumari. Alikata sakafu pande tatu tu kwa patasi kali, akalikunja bati lile juu kama ukurasa. Nati ikaonekana. Aliishika kwa spana, kijana akafungua kutoka chini, boliti ikatoka. Alisafisha kutu kwa burashi ya waya hadi chuma cheupe, akapaka rangi ya kuzuia kutu, akaweka nati mpya iliyokaa juu ya bamba nene lenye upana wa kiganja, ili mzigo usambae. Bati akalirudisha mahali pake, akalifunga kwa riveti na kuziba kingo zake kwa lami. Yote haya kwa boliti moja, ambayo hakuna abiria atakayejua iko wapi. Nimeyaandika kwa urefu kwa sababu hapo ndipo nilipomheshimu zaidi.

Kuinua kwenyewe kulianza upande wa kulia. Boliti za kulia zilitolewa zote, za kushoto zililegezwa tu, ziendelee kuizuia bodi isitembee. Chini ya bodi, penye ukingo wenye nguvu, Mzee alilaza ubao mrefu, na chini ya ubao akaweka jeki ya chupa juu ya gogo la mwembe. Ubao ule ulikuwa wa kugawa mzigo; jeki ikigusa bati peke yake, italikunja. Kijana akaanza kupampu.

"Simama," Mzee akasema, bodi ikiwa imeachana na raba kwa upana wa kidole.

Akazunguka gari lote. Akavuta kidogo kila mpira, akagusa kila kebo. Waya mmoja wa taa ya nyuma ulikuwa umeanza kukaza; akafungua kishikio chake na kuupa nafasi. Kisha jeki ikapanda tena kidole kimoja, na safari ikarudiwa. Inchi mbili na nafasi ya kuingiza spesa zilichukua muda kuliko nilivyodhani, na karibu muda wote huo jeki ilikuwa imesimama.

Usukani ndio uliopewa heshima kubwa. Kwenye gari hili boksi la usukani limefungwa kwenye chesisi, lakini nguzo yenye usukani wa dereva imo ndani ya bodi, na kati yao kuna shafti yenye meno yanayoingia kwenye mdomo wake. Kabla ya kuinua, Mzee alilegeza boliti inayobana mdomo ule, akachora mstari wa chaki juu ya shafti na mdomo, ili usukani usirudi ukiwa umegeuka jino moja. Bodi ilipopanda, shafti iliteleza nje kidogo, na yeye akaingiza kichwa chini ya dashibodi kwa tochi kuona ni kiasi gani cha meno kimebaki ndani. Kilitosha. Nilimuuliza angefanya nini kama kisingetosha.

"Ningeshusha bodi. Usukani hauchomelewi."

Mirija ya breki ilikuwa na mkunjo wa akiba karibu na masta silinda. Aliufungua kwa vidole gumba viwili, akiusukuma mrija kwenye duara la bomba nene ili usivunjike kiuno, na ulipofika mahali pake aliupitishia kitambaa kikavu kwa urefu wote, akakitazama kitambaa kama kina dalili ya mafuta. Kilikuwa kikavu. Kwa kuwa hakufungua kiungo hata kimoja, hewa haikuingia, na breki hazikuhitaji kutolewa upepo.

Spesa za kulia zikaingia, moja moja, raba chini, nailoni juu, washa pana kila upande. Kila boliti mpya ilianzishwa kwa mkono, mizunguko michache, ikaachwa. Hakuna iliyokazwa. Upande wa kushoto ukafuata kwa mpango ule ule, na ni pale tu boliti zote zilipokuwa zimeshika ndipo jeki iliposhushwa na bodi ikakaa juu ya kimo chake kipya. Sasa akaanza kukaza, kutoka katikati kwenda kwenye ncha, kulia kisha kushoto, kila moja kidogo, akirudia duru baada ya duru. Baada ya kila duru alifungua na kufunga milango. Alisikiliza kufuli. Mlango wa dereva ulipofunga kwa mlio ule ule wa asubuhi, alikaza duru ya mwisho.

Kisha akauangalia ubao. Yalikuwa yamebaki madai ya mbele.

Rejeta ya Sierra imefungwa kwenye bodi, feni iko kwenye injini. Bodi ilipopanda, rejeta ilikwenda nayo pamoja na kava inayozunguka feni, feni ikabaki chini, na pangaboi zake sasa zilikuwa zinaelekea kwenye ukingo wa chini wa kava. Gari likiwashwa hivyo, feni itajikata yenyewe. Mzee alikata vipande vya chuma bapa, akavibana kwenye jiriwa, akavikunja pembe ya mraba kwa nyundo, akatoboa matundu kwa keekee na kusugua kingo zote kwa tupa, hata zile ambazo mkono hautazifikia tena. Kwa vishikio hivyo rejeta ikashuka inchi mbili, ikarudi kutazamana na feni. Aliizungusha feni kwa mkono, duara zima, akipitisha kidole kati ya kila panga na kava. Nafasi ilikuwa sawa pande zote.

Waya wa ethi alitengeneza mpya, mnene na mrefu zaidi, akakwangua rangi penye boliti zake hadi chuma kikang'aa. Ni waya usiotazamwa na mtu. Ukikosekana, au ukishika vibaya, umeme wa stata hutafuta njia nyingine ya kurudi kutoka kwenye injini, na njia iliyo karibu ni kebo ya klachi au ya akselereta. Kebo hizo hazikuundwa kubeba umeme. Hupata moto na kuungua ndani ya maganda yao, na dereva hubaki akilaumu kebo.

Fimbo za gia, ile ya kawaida na ile ya kuingiza magurudumu manne, sasa zilitokeza kwa ufupi zaidi kwenye sakafu. Kijana aliketi kwenye kiti cha dereva akaingiza gia zote, moja hadi tano na ya kurudi nyuma, kisha za fimbo fupi, huku Mzee akitazama kutoka chini. Gia ya pili na ya nne zilikuwa zinagusa ukingo wa tundu. Gia inayogusa ukingo huingia leo, na kesho barabarani hujitoa yenyewe. Mzee alikata ukingo ule kwa msumeno wa chuma kwa upana wa kidole, akausugua, akapaka rangi. Kifuniko cha raba cha zamani hakikuwa tena na urefu wa kutosha, kwa hiyo kilipelekwa kwa fundi viatu wa sokoni, ambaye alishona kingine kwa mpira wa tyubu, mishono miwili miwili. Nacho kilikuwa kizuri kuliko cha kiwandani.

Tairi mpya zilipofungwa, usukani ulikatwa hadi mwisho kushoto na hadi mwisho kulia. Kisha gari likapandishwa gurudumu moja la mbele juu ya jiwe, ili springi upande mmoja ikandamizwe na nyingine ininginie, kama itakavyokuwa mtoni Ndzovuni. Mzee alipitisha kiganja chake kati ya tairi na madigadi. Mahali pamoja, mbele kushoto, ukingo wa bati la ndani ulikuwa karibu mno. Aliukunja kwa nyundo ya kichwa cha mpira, mapigo mepesi, kidogo kidogo, rangi isipasuke.

Taa pia zilikuwa zimepanda na bodi, hivyo jioni gari lilisogezwa mbele ya ukuta na mwanga ukarekebishwa, usimpofushe anayekuja. Na mwenye gari alipokuja kulichukua, Mzee alimweleza jambo moja la mwisho kuhusu tairi: kimo kimeongezeka kwa karibu asilimia 10, na mshale wa mwendo haujui hilo. Ukisema 60, gari linakwenda 66. Kwenye kona, gari lililokwenda juu si gari la zamani. Akamwambia apunguze kabla, asipunguze ndani yake.

"Bampa je, Mzee?"

Bampa zilikuwa zimerudishwa mahali pake kwenye chesisi, na kati ya ile ya mbele na bodi paliachwa pengo lile lile la inchi mbili, wazi. Mzee alisema hilo litasubiri. Kwanza gari liende Bamba na kurudi, kwa mzigo, raba zikae na spesa zikae, kisha liletwe akaze tena.

Lililetwa likiwa na vumbi hadi kwenye vioo, na michubuko mipya chini haikuwepo. Mzee alilala tena kwenye katoni. Boliti nyingi zilikubali robo ya mzunguko, nyingine chini ya hapo. Ile ya nyuma kulia, yenye bamba na nati mpya, haikusogea hata kidogo. Alitoka, akapangusa mikono kwa kitambaa, akachukua futi ya chuma na kwenda mbele ya gari kupima pengo la bampa, huku kijana akitafuta chaki.